Rovu la bibi, macho ya mama mkubwa: kinachorithiwa hasa katika magonjwa ya tezi ya shingo

Tuseme kuna familia moja Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Bibi mzaa mama alifariki akiwa na rovu kubwa alilokuwa nalo tangu usichana wake kule Kasulu. Mama mkubwa alikonda ghafla akiwa na miaka 35, mikono ikawa inatetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, macho yakamtoka, na majirani wakanong'ona kwamba kuna mtu kamfanyia jambo. Mama mdogo yeye amenenepa bila kula sana, sauti imekuwa nzito, na anajifunika kanga mbili mchana wa Oktoba wakati wenzake wanajipepea. Mama mzazi ni mzima kabisa. Sasa binti yake, mjamzito wa wiki 10, anauliza: "Hii tezi ya kwetu, na mimi itanipata?"

Jibu la haraka analopewa mara nyingi ni "ndiyo, ni ya ukoo" au "hapana, ni upungufu wa madini ya joto". Yote mawili yana ukweli ndani yake na yote mawili yanapotosha, kwa sababu watu hao watatu wana magonjwa matatu. Mawili yana mzizi mmoja wa kurithi. La tatu, la bibi, kwa sehemu kubwa lina mzizi mwingine kabisa.

Tezi yenyewe, inayoitwa thairoidi, iko mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Imelikumbatia bomba la hewa kwa mbawa mbili kama kipepeo, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 tu. Inatengeneza homoni za T4 na T3. Namba hizo ni hesabu ya atomu za iodini, yaani yale madini ya joto, zilizomo ndani ya kila moja. Homoni hizo ndizo zinazoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani, moyo upige mara ngapi, mtoto tumboni ajenge ubongo vipi. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, huisimamia kwa homoni iitwayo TSH. Homoni za shingoni zikipungua, TSH hupanda ili kuihimiza tezi. Zikizidi, TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Wengi wanaojisomea majibu ya maabara hukwama hapa: TSH ya juu ina maana tezi imelegea, wala si kwamba imechachamaa.

Rovu la bibi

Nyanda za Kasulu na Kibondo ni mbali na bahari, na mvua za karne nyingi zimeosha iodini ya udongoni. Mahindi, maharage na mihogo ya huko huiva vizuri bila kuwa na iodini ya kutosha. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika ni kitoweo bora, lakini samaki wa maji baridi hawana iodini nyingi kama wa baharini. Ugali wa muhogo mchungu, hasa ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha, huacha mwilini kemikali ya thayosayaneti, nayo huigombania iodini mlango wa kuingilia kwenye tezi. Tezi ikikosa malighafi husukumwa na TSH miaka nenda miaka rudi, inakua, inajaa vinundu. Hilo ndilo rovu, au goita kama wengi wanavyoiita siku hizi.

Chumvi nayo, iwe imechemshwa kutoka kwenye chemchemi za Uvinza zilizovunwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, iwe imeanikwa pwani, haina iodini ya maana mpaka itiwe kiwandani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kila kilo ya chumvi. Ikiwa na 30, basi gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai, zinabeba mikrogramu 150, ambacho ndicho kiasi anachohitaji mtu mzima kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji kama 250. Iodini hiyo hupotea chumvi ikiachwa wazi kando ya jiko au juani, kwa hiyo kopo liwe na mfuniko, na chumvi itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Kwa hiyo bibi na mama yake walikuwa na marovu yanayofanana kwa sababu walikula kutoka shamba moja na chungu kimoja. Ukimhesabu bibi kama ushahidi wa ugonjwa wa kurithi, utamtisha mjukuu bure. Ila rovu la zamani lina hatari yake. Ng'ambo ya ziwa, huko Kivu, katikati ya miaka ya 1990, madaktari waliripoti wagonjwa ambao tezi zao zilianza kutoa homoni kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini nyingi kuwafikia watu walioikosa kwa miaka mingi. Vinundu vya rovu vilivyozoea njaa vilipata malighafi vikafanya kazi bila kusikiliza TSH. Mgonjwa wa namna hiyo hufanana na mama mkubwa kwa kukonda na kutetemeka, lakini macho hayamtoki na damu yake haina kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoishambulia tezi.

Kinga inapomgeuka mwenyewe

Robert Graves wa Dublin alieleza mwaka 1835 wanawake wenye tezi iliyovimba na moyo unaokimbia, na ugonjwa wa mama mkubwa umebaki na jina lake. Mwaka 1912 Hakaru Hashimoto, daktari wa upasuaji wa Japani, alieleza tezi za wanawake 4 zilizokuwa zimejaa chembe nyeupe za damu. Huo ndio wa mama mdogo. Ilipofika mwaka 1956 ndipo watafiti walipothibitisha kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili dhidi ya protini za tezi yao wenyewe.

Katika Hashimoto, chembe za kinga ziitwazo seli T huingia kwenye tezi na kuivunja polepole, pengine kwa miaka kumi au zaidi kabla mgonjwa hajahisi lolote. Alama yake kwenye damu ni kingamwili ya anti-TPO, ambayo karibu wagonjwa wote wanayo. Katika Graves, kingamwili nyingine, TRAb, hukaa kwenye kipokezi cha TSH, yaani swichi ambayo tezi hupokelea amri ya TSH, na kukibonyeza bila kuachia, kama mtoto aliyeshikilia honi ya bodaboda. Tezi inasikia amri ya "tengeneza, tengeneza" wakati pituitari ilishanyamaza zamani. Nyuma ya jicho kuna tishu zenye kipokezi hichohicho, nazo huvimba. Macho hutoka kwa sababu hakuna nafasi nyingine ya kwenda. Hakuna aliyemfanyia jambo mama mkubwa, na kila mwezi unaopotea akitafutiwa aliyemroga ni mwezi ambao moyo wake unachoka.

Ingawa mmoja hukonda na mwingine hunenepa, magonjwa haya mawili ni ndugu. Huonekana katika familia moja, na mara nyingine mtu mmoja huanza na hili akaishia na lile. Kinachowaunganisha kiko kwenye jeni.

Kulwa, Doto na hesabu za kurithi

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka kwa mapacha. Kulwa akipata Graves, Doto naye ataipata? Denmark ina daftari la mapacha la miaka mingi, na watafiti walilipekua wakatoa jibu mwaka 2001. Kwa mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zilezile, pacha wa pili aliugua katika jozi 35 kati ya 100. Kwa mapacha wa mayai mawili, ambao wanashirikiana jeni kama ndugu wa kawaida, ilikuwa jozi 3 tu kati ya 100. Pengo hilo ndilo linaloonyesha nguvu ya jeni, na kutokana nalo walikadiria kwamba asilimia 79 hivi ya tofauti za watu katika mwelekeo wa kupata Graves inatokana na urithi.

Namba hiyo ya 79 huwa inaeleweka vibaya. Haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 79. Rudi kwenye jozi za yai moja: 65 kati ya 100 zilikuwa na pacha mmoja mzima, aliyebeba kila herufi ya DNA ya mwenzake mgonjwa. Kinachorithiwa ni mwelekeo. Ugonjwa huja mwelekeo huo ukikutana na mambo mengine, na kwa watu wengi haukutani nayo kamwe. Ndiyo maana mama mzazi wa binti yetu anaweza kuwa mzima na bado akawa amempitishia mwanawe jeni zilezile za dada zake.

Jeni zenyewe ni nyingi, na kila moja inaongeza kidogo. Za muhimu zinaeleweka vizuri ukifuata kazi ya seli T toka inapozaliwa.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna kiungo kiitwacho thaimasi. Hapo ndipo jando la seli T. Seli changa huonyeshwa vipande vya protini za mwili mzima, na ile inayovishambulia huuawa kabla haijatoka. Jeni ya kipokezi cha TSH, iliyo kwenye kromosomu ya 14, ina aina fulani ambazo huifanya thaimasi ionyeshe kipokezi hicho kwa uchache. Seli ambazo zilipaswa kufundwa kwamba "hiki ni chako, usikiguse" hutoka bila kukijua. Aina hizo huongeza hatari ya Graves hasa, kwa kuwa katika Graves ndicho kinachoshambuliwa.

Seli ikishatoka, inategemea kuonyeshwa. Seli nyingine za kinga huweka vipande vya protini juu ya molekuli za HLA, kama mtu anayepitisha chakula kwenye sinia, na seli T huangalia kilichomo. Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6 na hutofautiana mno baina ya watu. Sinia la aina ya DR3 limehusishwa na Graves kwa miongo mingi, na watafiti wamefika hadi kwenye tofauti yenyewe: katika nafasi ya 74 ya mnyororo wa DR beta 1, mmoja wa minyororo inayounda sinia hilo, kuna asidi amino (tofali la protini) ya arginini mahali ambapo wengine wana alanini au glutamini. Arginini ina chaji chanya na umbo refu, na mfuko wa sinia hubadilika, ukashika vipande vya protini za tezi kwa namna inayoviweka machoni pa seli T. Badiliko moja katika mnyororo mzima! Jeni ya thairoglobulini, protini ambayo tezi hutengenezea homoni zake ndani yake, iliyo kwenye kromosomu ya 8, ina aina zake za hatari pia, na wenye arginini ile pamoja na aina hizo wana hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu.

Kisha kuna breki. CTLA4, kwenye kromosomu ya 2, ni protini inayoituliza seli T baada ya kuamshwa. Aina dhaifu ya jeni hii huongeza hatari ya Graves na Hashimoto yote mawili. Kwamba breki hizi zina maana kubwa tunalishuhudia kwenye dawa mpya za saratani zinazofanya kazi kwa kuziachilia kusudi: baadhi ya wagonjwa wanaozitumia hushambuliwa tezi na kinga yao ndani ya miezi michache. Breki nyingine ni PTPN22, kwenye kromosomu ya 1. FOXP3 na IL2RA huhusika na seli walinzi zinazowazuia wenzao wasivuke mipaka. Utafiti wa Iceland na Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 30,000, ulikuta sehemu 93 za DNA zinazohusika, ikiwemo jeni ya FLT3 iliyokuwa haijulikani kabisa katika ugonjwa huu.

Wanawake huugua mara 5 hadi 10 zaidi ya wanaume. FOXP3 ipo kwenye kromosomu X, na mwanamke ana X mbili ambazo moja huzimwa katika kila seli. Kwa wagonjwa wa tezi, uzimaji huo mara nyingi umeelemea upande mmoja, hivyo thaimasi huenda ikazifunda seli kwa kutumia X moja zaidi ya nyingine. Homoni za kike na mimba nazo zina sehemu yao. Watoto wenye ugonjwa wa Down, ambao wana kromosomu ya 21 ya ziada, hupata magonjwa haya mapema na mara nyingi zaidi. Hao wapimwe TSH wakizaliwa, wakifika miezi 6, mwaka mmoja, na kila mwaka baada ya hapo, kwa sababu uchovu na kuchelewa kwao husingiziwa Down na tezi ikasahaulika.

Kwa nini kipimo cha DNA hakitamsaidia binti huyu

Wapo wanaouza vipimo vya vinasaba kwa mate, matokeo yanakuja kwenye simu. Fanya hesabu kabla ya kutoa hela. Katika nchi zilizopima vizuri, mwanamke ana uwezekano wa kama 3 kati ya 100 kupata Graves katika maisha yake yote. Jeni ya kawaida ya hatari, mfano ya CTLA4, huongeza mara moja na nusu hivi. Kwa hiyo 3 inakuwa kati ya 4 na 5 kwa 100, na zaidi ya 95 kati ya 100 wanaobeba jeni hiyo hawataugua Graves. Utafanya nini na jibu hilo? Hakuna dawa ya kinga ya kumpa mtu huyo, wala chakula cha kumkataza.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Badiliko maarufu la PTPN22, katika nafasi ya 620, huonekana sana kaskazini mwa Ulaya lakini karibu halipo kwa Waafrika. Muha wa Kasulu au Mnyamwezi wa Urambo akipimwa kwa orodha ya jeni iliyotengenezwa kwa Wadenmark, karatasi inaweza kumwambia "hatari ndogo" kwa sababu tu jeni zake za hatari hazijatafutwa. Inauma kuona mtu anatolewa wasiwasi kwa kipimo ambacho hakikuwahi kujengwa kwa ajili yake.

Maelezo ya familia yakiulizwa vizuri yanashinda kipimo hicho, na ni bure. Uholanzi, huko Amsterdam, wanawake 790 wazima waliokuwa na ndugu wa damu wenye magonjwa haya walifuatiliwa miaka 5. Kama 7 au 8 kati ya 100 waliugua, wengi wao kwa tezi kulegea. Waliotangulia kuugua walikuwa hasa wenye TSH iliyoanza kupanda, wenye anti-TPO, na wenye ndugu zaidi ya mmoja wa Hashimoto. Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kusoma DNA.

Kinachowasha moto

Kujifungua ndiko kunakoongoza. Wakati wa ujauzito kinga hulegezwa ili mtoto asikataliwe. Baada ya kujifungua hurudi kwa kishindo. Mama mwenye anti-TPO mwanzoni mwa mimba ana uwezekano wa theluthi moja hadi nusu wa tezi yake kushambuliwa na kinga ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Kwanza, miezi 2 hadi 6, homoni humwagika: moyo, jasho, usingizi unakataa. Kisha tezi hulegea: uchovu, huzuni, maziwa kupungua. Nyumbani wanasema ni uzazi tu, na kliniki inaandika msongo. Wengi hupona, lakini baadhi hubaki na tezi iliyolegea moja kwa moja.

Tumbaku ni ya pili. Tabora inalima tumbaku, lakini kinachojulikana wazi ni madhara ya kuivuta: mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya Graves, na akishaugua macho yake huharibika zaidi na huitikia matibabu vibaya. Mgonjwa wa Graves anayevuta aambiwe hivyo kwa maneno yasiyozunguka.

Iodini ikizidi inaweza kuwasha kinga kwa mwenye mwelekeo. Denmark na China ziliona tezi zilizolegea zikiongezeka kiasi iodini ilipoongezwa. Mtu asiache chumvi ya iodini kwa sababu hiyo. Kwa mkoa kama Kigoma, mtoto aliyekosa iodini tumboni hupoteza akili isiyorudi, na hilo ni baya mara nyingi kuliko tezi inayotibika kwa kidonge. Ila dawa za kienyeji au virutubisho vya mwani vyenye iodini isiyojulikana kiasi viepukwe.

Na kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: Graves inaweza kujitokeza mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuanza dawa, wakati CD4 zimepanda vizuri. Mtu anakonda, na wote wanafikiri dawa zimegoma au ana kifua kikuu. Virusi vikiwa vimefubaa na mtu bado anakonda huku moyo ukienda mbio, TSH ipimwe.

Karatasi, glasi ya maji, na mirija miwili ya damu

Chukua karatasi. Mwanamke mchoree duara, mwanaume mraba, vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama. Wengi hutaja ukoo wa baba tu kwa kuwa ndio wanaoutumia jina. Jeni huja nusu kwa nusu. Usiulize "nani ana Hashimoto", hakuna atakayejua. Uliza: nani alipasuliwa shingo? Nani macho yalimtoka? Nani humeza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai? Nani anajichoma insulini tangu utotoni? Nani ana mabaka meupe ya ngozi, yaani vitiligo, au baridi yabisi iliyomuanza kijana? Magonjwa haya hutumia jeni zilezile za sinia na breki. Andika umri wa kila mmoja alipoanza. Bibi mwenye rovu la tangu usichana huko milimani, asiye na dalili nyingine, mwekee alama ya kuuliza, usimjaze rangi.

Kisha shingo. Mtu akae kwenye mwanga, ainue kidevu kidogo, anywe funda moja la maji. Tazama kwa mbele na kwa pembeni, kati ya kikoromeo na mfupa wa kifua. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na mmezo ni wa tezi. Usiosogea huenda ni mtoki au kitu kingine. Uvimbe mgumu unaokua upesi, au sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa, usisubiri karatasi wala chumvi, upelekwe hospitali.

Damu ya kwanza ni TSH. Kwa asiye mjamzito maabara nyingi hukubali kati ya 0.4 na 4.0, lakini soma kipimo cha maabara yako. Ikiwa nje ya hapo, huongezwa kipimo cha T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu. Anti-TPO hupimwa mara moja. Kuirudia kila miezi mitatu ni kupoteza fedha, kwa maana kupanda na kushuka kwake hakubadili matibabu. TRAb huagizwa Graves ikishukiwa. Ukiwa hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete, Tabora, uliza kama kipimo kinafanyika hapohapo au sampuli inasafirishwa, na majibu yanarudi lini, ili usifunge safari mbili. Anayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini aviache siku 2 kabla. Huvuruga mashine zikatoa majibu yanayofanana na Graves.

Binti yetu wa wiki 10 ana mtego wake. Homoni ya mimba, hCG, inafanana na TSH kiasi cha kuichochea tezi, hivyo TSH hushuka kati ya wiki ya 8 na ya 12, hasa kwa anayetapika sana. TSH ndogo peke yake isimpeleke kwenye dawa za Graves. T4 huru na TRAb ndizo zitakazoamua. TSH yake ikiwa ya kawaida na anti-TPO ikawepo, hajaugua. Anapimwa TSH kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, kisha miezi 3 na miezi 6 baada ya kujifungua. Kwa asiye mjamzito mwenye hali hiyohiyo, kipimo kimoja kwa mwaka kinatosha: uchunguzi wa miaka 20 huko Whickham, Uingereza, ulionyesha kuwa wanawake wenye kingamwili na TSH ya kawaida hulegea tezi kwa kasi ya kama 2 kati ya 100 kila mwaka, na 4 kati ya 100 ikiwa TSH nayo imepanda.

Mama mdogo anahitaji levothairoksini, takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani kama 100 kwa mtu wa kilo 60. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 25. Humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, kwa kuwa nusu ya T4 huchukua siku 7 kuisha mwilini. Mara nyingi kinachoharibu mambo ni vidonge vya kuongeza damu vya kliniki: chuma hushikana na dawa tumboni na haiingii kwenye damu. Viachane kwa saa 4. Akipata mimba, dozi huongezwa mapema, kawaida vidonge viwili vya ziada kwa wiki, halafu hupimwa. Na asimgawie dada yake "dawa ya tezi": kidonge chake kwa mtu wa Graves ni kuni juu ya moto.

Mama mkubwa hupewa kabimazoli, miligramu 15 hadi 40 kwa siku mwanzoni, ikipunguzwa taratibu kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na propranolo ya kutuliza moyo kama hana pumu. Pungufu ya mgonjwa 1 kati ya 100 hupoteza chembe nyeupe za damu: akipata homa na koo kuuma, anaacha dawa siku hiyohiyo na kwenda kupimwa damu kamili. Hata akishapona kwa upasuaji, TRAb zinaweza kubaki zikizunguka na kupita kondo la nyuma, kwa hiyo akishika mimba amwambie mkunga, na mtoto atazamwe mapigo ya moyo na uzito katika siku zake za mwanzo.

Karatasi ya familia ikunjwe iwekwe ndani ya kadi ya kliniki. Ukiitazama tena utaona duara ambalo hakuna aliyeliuliza: binti wa mama mkubwa, mwenye miaka 24, anayesoma chuo Tabora. Yeye yu karibu na ugonjwa kuliko mjamzito huyu, na hajawahi kupimwa TSH.